Serikali Mbili za Darasa la Sita

Harufu ya karafuu mbichi haikai puani tu. Huingia kwenye kucha, kwenye mtandio, hata kwenye kurasa za daftari. Msimu ule nilipokuwa darasa la sita, kijijini kwetu Wawi, shule yetu nzima ilinuka hivyo, kwa kuwa karibu kila mtoto alikuwa amekaa jamvini kwao usiku akichambua, punje huku na makonyo, vile vijiti vyake visivyo na bei, kule. Ni katika msimu huo nilipojifunza katiba ni kitu gani. Sentensi hiyo nimeifuta na kuiandika upya mara kadhaa, nikihofia inajikweza, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu wetu wa uraia, Bi Mize, hakupenda tukariri. Alitueleza kwamba kuna wanaotunga sheria, kuna wanaozitekeleza, na kuna wanaoamua watu wakigombana juu yake. Kisha akatuambia tujiundie utawala wetu wenyewe. Tuliiga tulichokijua. Sisi Wazanzibari tuna rais wetu na katiba yetu, na juu ya hayo tuna rais wa Muungano na katiba ya Muungano, kwa hiyo haikutupitikia kwamba serikali inaweza kuwa moja. Darasa lilikuwa na mikondo miwili, A na B. Tukamchagua Khamis wa mkondo A awe kiranja mkuu wa wote, halafu kila mkondo ukajiwekea kiranja wake. Bi Mize alicheka mpaka akafuta machozi. "Fahali wawili hawakai zizi moja, nyie hamjasikia?" Mtoto mmoja akamjibu, "Hukaa, mwalimu, kila mmoja akijua majani yake." Hapo akaacha kucheka, akatuagiza tuandike majani ya nani ni yapi. Tukabandika ukutani mambo ya pamoja: kengele, maji ya kunywa, usafi wa uwanja, na ugomvi baina ya mikondo. Lisilotajwa lilibaki la mkondo wenyewe, na kila mkondo ukajiandikia sheria zake. Mimi nikafanywa jaji, nadhani kwa sababu nilikuwa mkimya, na watu humdhania mtu mkimya kuwa anapima mambo, kumbe pengine anaogopa tu.

Kesi ya kwanza ilikuja kwa Saumu, mfungaji wetu wa netiboli katika mkondo B. Mikondo ilikuwa ikutane, na mshindi aende kucheza Chake Chake, na Saumu alikuwa akiizungumza safari hiyo tangu asubuhi hadi tunaagana. Lakini alikuwa amekosa shule siku kadhaa bila kutoa taarifa, na Khamis akatangaza kwamba hatocheza. Wenzetu wa B wakaja juu. Tukakusanyika darasani baada ya sala ya adhuhuri, mimi nikiwa kwenye kiti cha mwalimu, miguu haifiki chini.

"Mtoro ni mtoro," alisema Khamis. "Mie kiranja wa wote. Kama siamui, nimewekwa kwa nini?"

"Umewekwa upige kengele," Saumu akamjibu, na darasa likaangua kicheko. "Mama kalala na homa, karafuu zataka kuchanua mtini zitupotee. Weye ungekuja kutuchumia?"

"Nidhamu ni ya wote!"

Nilisoma ile karatasi ukutani, nikairudia, nikairudia tena. Kilichonisumbua ni kwamba niliona Khamis ana hoja. "Nidhamu haimo," nikasema mwishowe. "Pengine ingefaa iwemo, lakini haimo. Basi utoro ni jambo la mkondo, na Khamis hana amri juu yake. Na sheria ya B inasema asiyetoa taarifa atafagia darasa wiki nzima. Saumu atacheza, na Saumu atafagia." Saumu akanikata jicho. Kutoka upande wa A mtu akapiga kelele, "Jaji wa makonyo!"

Khamis alimgeukia Bi Mize, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote. "Mwalimu, ifute hukumu hii." Sote tulijua Bi Mize anavyochukia utoro. "Mie nisingeamua hivi," akasema. "Lakini niliwaambia mahakama ni yenu. Nikiifuta leo, kesho ntawafundisha nini? Mkitaka nidhamu iwe ya pamoja, kaeni nyote kama baraza muiandike. Na mkishaiandika, itaanzia hapo mbele. Haitorudi nyuma kumkamata Saumu."

Saumu alicheza, akafunga, na bado tukashindwa. A ndio waliokwenda Chake Chake. Saumu alifagia wiki yake yote, akiutimua mchanga kuelekea dawati langu, na siku nyingi hakunisemesha.

Sasa nimemaliza chuo, niko nyumbani nikisubiri kazi, na katiba zote mbili nimezisoma kwa vifungu. Nikiwasikia watu wazima wakibishana vibarazani na kwenye simu, serikali ipi ipewe lipi, huwa naanza kuandika jibu, nalipima, nalifuta. Wengi huuliza kwanza hukumu imempendeza nani. Miye, kila nikisoma habari za utawala wowote, mdogo au mkubwa, namtafuta mtu mmoja tu: yule mwenye uwezo wa kuifuta, asiyeipenda, na akaiacha isimame.