Pemba ya kwenye simu yangu

Mimi ninakata tiketi za ndege hapa Kahama, na bahari sijawahi kuiona. Juzi Mama Zuhura alifiwa na huyo Zuhura wake, aliyeolewa Pemba, akaja kwangu kuulizia tiketi.

"Nikitua Unguja adhuhuri, nitawahi maziko ya alasiri?"

Nikaandika "Pemba" kwenye simu, nikapima umbali kwa madaha ya mtaalamu. "Hutawahi, mama. Ni mbali mno, tena unabadili ndege."

Akabaki. Kwenye matanga nilikuwa nikiwaeleza majirani umbali huo, mkwewe alipopiga. Simu ya Mama Zuhura ilikuwa kwenye spika.

"Mama, tulichelewesha maziko tukikungoja. Toka Unguja si nusu saa tu angani?"

Jirani akaninyang'anya simu yangu, akasoma ramani kwa sauti: "Pemba, Msumbiji."

Mama Zuhura akanigeukia. "Mwanangu, kwani Pemba ziko ngapi?"