Misumari ya Babu

Juzi kule Al Jaddaf, huku ughaibuni ninakofanya kazi, nilimkuta fundi wangu akigongomea msumari hadi kichwa kikazama ubaoni. Nikamfokea: "Khalas! Acha kichwa nje!" Kwa vibanda vya muda vya saiti hakuna anayeniweza mjini hapa, na ujuzi huo sikuupata shuleni, maana niliishia darasa la tano.

Niliupata Unguja, alasiri moja, babu akijenga banda la harusi ya shangazi kwa mbao za kuazima zilizonukia mvinje. Kila msumari aliuacha kichwa nje. Jirani akamcheka: "Mzee, mkono umechoka?" Niliona aibu mimi. Babu alipokwenda kuswali, nikaizamisha yote, ngo, ngo, ngo, nikamsubiri anisifu.

Alipapasa mbao kwa kidole. "Mjukuu wangu, umeniharibia mbao za watu. Zinatakiwa zirudi nzima."

Tukaketi kung'oa. Mbao ya kwanza ikapasuka. Ndipo akanihadithia kwamba ujanani Waingereza walimpeleka kisiwa cha mbali, kuwajengea mabweni watu waliokuwa wakijaribu bomu.

"Kila msumari kichwa nje, ili tubomoe upesi twende zetu."

"Na bomu je, babu?"

"Tuliambiwa tuipe bahari mgongo, tufumbe macho."

Sikujua bado kwamba bomu la namna ile, la nyuklia, humfuata mtu mwilini kwa maradhi hata akisharudi kwao. Nilidhani walikuwa wakicheza mchezo wa kujificha, nikamuuliza nani alishinda.

Babu aliitua nyundo.

"Mpaka leo sijajua," akasema, akashika msumari mwingine.