Sanda ya Makame Haji

Alhamdulillahi, sifa zote ni Zake Mola anayetusitiri, maana mja akiachiwa ajisitiri mwenyewe huumbuka kama nilivyoumbuka mie. Nasema kwa haya: nilimpelekea sanda mtu aliye hai.

Chama chetu cha kuzikana kina kanzidata ya wanachama, ndani ya kompyuta kongwe niliyokuwa nikiitunza mwenyewe (kuwaka kwake unamaliza Yasini nzima), na katibu wetu, Bi Salma, kila kikao alitaka tuhamie mfumo mpya. "Maalim, huu umezeeka, hauna hata nafasi ya jina la babu." Nikamjibu, "Na mie nimezeeka, mbona hamnibadilishi?" Wajumbe wakacheka, nikaona nimeshinda. Ushindi ule ulinitokea puani.

Wiki ileile, asubuhi, ikaja simu, mtu analia, "Makame Haji hatunaye," ikakatika, nikaandika jina, kompyuta ikaniletea Makame Haji wa mtaa wa Amani, nami bila ya kumuuliza mtu (jamani, kuuliza tu!) nikatangaza msikitini, tukabeba jeneza na sanda, watu tele, hadi mlangoni.

"Hodi! Hapa ndipo kwa Makame Haji?"

"Naam!" akaitika marehemu.

Akatoka kajifunga msuli kiunoni, mswaki mdomoni. Akalitazama jeneza, akaitazama sanda, akanitazama mie. "Shikamoo, Maalim. Nijipime, au ushanikatia kwa kukisia?"

Watu wakaangua kicheko, na simu yangu ikalia. Bi Salma. "Maalim, maiti yuko shamba, Bwejuu! Makame Haji Mcha. Keshaoshwa, wanangoja sanda." Huyu wetu alikuwa Makame Haji Vuai, mashine ilimwona wa mwanzo, ikatosheka.

Tukakimbilia Bwejuu, na Makame aliye hai naye akapanda gari, "Nnakwenda kumzika somo yangu, jina letu moja." Maiti wa kuzikwa adhuhuri akazikwa alasiri. Nilipomwomba radhi mjane, alinijibu kwa upole nyuma ya pazia: "Mume wangu hajapata kumngojesha mtu."

Neno lile liliniuma kuliko vicheko vyote. Siku ileile nikamwambia Bi Salma abadilishe mfumo, na sasa kila mtu ana jina la babu, kijiji, hata lakabu. Miaka yote nilidhani nina subira na mashine ile. Kumbe ni ubishi, na sirudii tena.

Nawe msomaji, Mungu akupe umri mrefu wenye kheri, na siku yako ikifika, sanda yako isikosee mlango. Amin.