Buli la kauri la Bibi Edith na kikombe cha pili: yaliyonikuta Eagan

Wakuu, salaam. Mimi humu ni msomaji tu, nakuja, nacheka na michango yenu, naondoka. Leo imebidi niandike. Sitaongeza chumvi, na majina nimebadilisha kwa sababu kazi yangu ina sheria zake.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi huku ughaibuni, mji wa Brooklyn Park, na mke wangu na binti yetu Zulfa, wa miaka tisa. Nafanya home care, yaani natunza wazee majumbani kwao.

Mwaka jana ofisi ilinipa shift ya mchana kule mji wa Eagan, kwa ajuza ambaye nitamwita Edith. Miaka tisini na moja, mwembamba kama ufito, ulimi bado mkali. Mtoto wake Tom, naye mtu mzima wa miaka sitini, alinipokea mlangoni na kuniambia ukweli wote siku ya kwanza.

Mama hali chakula. Uzito unashuka kila wiki. Daktari amesema ukishuka tena, anahamishiwa nursing home, nyumba ya kutunzia wazee. Na mama alishamwapisha Tom kwamba atafia ndani ya nyumba ile ile aliyolelea watoto wake.

Basi kazi yangu ilikuwa moja: ale.

Sasa lile buli. Lilikuwa la kauri, la Uingereza, la bibi yake Edith mzaa mama. Jeupe, limechapwa picha za buluu: kijumba, uzio, daraja, na watu wawili wadogo juu ya daraja. Ukichungulia chini ya mkono wa buli unaona pale kingo za karatasi ya kuchapia picha zilipokutana vibaya, tawi la mti limekatika katikati. Kauri yenyewe nyembamba, ukiliinua dirishani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Mimi nimezoea chai ya sufuria, nikawa naliosha huku nimebana pumzi.

Kila saa tisa alasiri lazima chai. Vikombe viwili. Kimoja chake, kingine cha Harold, mumewe, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Kinawekwa mbele ya kiti chake kitupu, kinapoa, halafu mhudumu anakimwaga kwenye sinki. Ndivyo walivyofanya wote walionitangulia.

Mimi nikashindwa. Jamani, kwetu nyumbani chai iliyokwisha kumiminwa kwa ajili ya mtu haimwagwi. Ni kukufuru riziki. Mgeni asipotokea, anakunywa aliyepo.

Nikaketi kwenye kile kiti, nikainywa. Haina sukari wala tangawizi, maziwa baridi tone moja. Chungu kama mwarobaini.

Edith akatazama kikombe kitupu. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Jioni ile alimaliza sahani nzima ya viazi na samaki.

Nikajiambia dawa nimeipata. Nikawa nainywa kila siku, mizani ikaanza kupanda. Tom akawa ananikumbatia kila Jumapili, na Wazungu wa huku mnawajua, hawakumbatii ovyo.

Wiki ya tatu hivi mambo yakaanza.

Bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Nikashuka basement, chumba cha chini ya nyumba, nikapeleka mkono nyuma ya boila bila kutazama, nikatoa spana. Nilikuwa sijawahi kushuka kule hata siku moja. Nikapanda nayo jikoni, nikakaza bomba.

Nikaanza kupiga mluzi ndani ya gari. Zulfa akaniuliza, "Baba, what song is that?" Eti huo ni wimbo gani. Wimbo siujui, na nilikuwa nimeupiga mpaka mwisho.

Nyumbani nikaacha sukari. Mtu wa Tanga! Mke wangu akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Halafu Jumapili moja Tom aliingia akaubamiza mlango. Mdomo wangu ukasema kwa Kiingereza, "Tommy, mlango huo." Sauti ilikuwa ya taratibu, ya wazee wa huku. Tom aliganda na koti lake mkononi.

"Hakuna aliyeniita hivyo tangu baba afariki," akasema.

Nilimsimulia mke wangu yote. "Baba Zulfa, hiyo ni chai ya maiti," akaniambia. "Imwage. Kwa Mungu utaomba toba, lakini hiyo imwage."

Kesho yake nikaimwaga. Edith alikuwa amenipa mgongo, anatazama theluji dirishani, na nilifungulia maji ili asisikie. Hakugeuka. Akasema tu, "Harold, mbona unaondoka?"

Hakula siku ile. Wala iliyofuata. Siku ya nne Tom akanipigia: nafasi imepatikana nursing home, mama anahamishwa Jumatatu.

Wakuu, nilikaa ndani ya gari nje ya nyumba ile nikalia. Niliogopa, sifichi. Nikamwambia Tom anywe yeye, si ni kikombe cha baba yake? Akajaribu Jumamosi. Edith akamtoa kikombe mkononi taratibu, akanisogezea mimi.

Nikakinywa. Jioni akala.

Nikakinywa kila siku mpaka theluji ilipoyeyuka. Jumatatu ile ilipita, na Edith, kwa kuwa alikuwa anakula tena, hakuhamishwa. Alifariki kitandani kwake, mchana kweupe, Tom yuko mlangoni, mimi nimemshika mkono. Akauliza, "Harold, upo?"

Nikamjibu, "Nipo, Birdie."

Tom akaketi sakafuni. Lile ni jina aliloitwa na mumewe peke yake, na mimi sikuambiwa na mtu.

Baada ya mazishi Tom alitaka kunipa lile buli. Nilikataa.

Nilichojifunza: ukiingia nyumba ya watu, uliza kikombe ni cha nani kabla hujakinywa. Lakini sijutii bibi yule kufia kwake. Hilo hata leo ningelirudia.

Ila nina swali, hasa kwa mashehe na wachungaji, na wa kubeza nao karibuni. Ni miezi mitano sasa sijagusa chai ile. Jana mke wangu aliniita kwa jina langu mara tatu. Nilikuwa sebuleni, namsikia vizuri, nikawa nasubiri huyo anayeitwa aitike.

Kuna anayejua mtu huchukua muda gani kurudi?