Niliziba mzinga wa marehemu ili nyuki wake wasipate baridi

Habari za humu wakuu. Huwa nasoma tu na kupita, ila leo nina jambo limenikaa kifuani. Sitaongeza chumvi, maana hakuna cha kujisifia.

Niko Riverdale Park, Maryland, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Nilipoingia Marekani nilifikia kwa Baba Neema, mtu wa Tabora, na mkewe Mama Neema. Nilikaa basement yao mwaka mzima na hawakuninunia hata siku moja.

Winter yangu ya kwanza, mzee alishuka na nailoni na tepu akaziba dirisha langu. Akasema, "Huku ukiacha hata tundu dogo, baridi inakufuata kitandani." Maneno hayo yakanikaa.

Nyuma ya nyumba alikuwa na mzinga mmoja wa nyuki. Aliupenda kuliko gari lake, na lile gari alilipenda kwelikweli.

Mwaka jana kiangazi kikiisha, figo zikamshinda. Tukamzika hukuhuku.

Baada ya msiba Mama Neema alikuwa haongei sana. Kila asubuhi anakwenda nyuma, anaweka sikio kwenye mzinga, anasikiliza wanavyovuma, anarudi ndani. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hawa ndio alioniachia. Nisaidie wavuke winter."

Nikasema sawa mama. Nyuki sikuwajua hata kidogo.

Ningeweza kumuuliza mama jinsi mzee alivyokuwa akiwatunza winter, lakini wakuu mnajua tulivyolelewa. Mfiwa humchokonoi kwa maswali ya marehemu. Nikaona nisimtoneshe kidonda, nitajua mwenyewe.

November nikauvisha mzinga turubai, na upande unakotoka upepo nikasimamisha mbao. Hapo sikukosea.

Kosa lilikuwa juu. Chini ya mfuniko kulikuwa na kijiti, kimeuinua kidogo, kimeacha upenyo mwembamba. Nikajua ni takataka imenasa. Nikakitia mfukoni mwa koti, mfuniko ukakaa vizuri, nikazungusha tepu raundi tatu. Nikajiona fundi.

January Mama Neema akasema hasikii kitu. Nikamjibu, "Wamelala tu mama." Nilisema kwa uhakika ambao sikuwa nao.

Katikati ya February likatoka jua, nikafungua. Harufu ya uvundo ikanipiga. Mfuniko kwa ndani ulikuwa unadondosha maji. Nyuki wamelundikana katikati, wameloa, wengine wameota ukungu, na asali imejaa pembeni yao. Nilikaa kwenye majani yenye maji nikalia, sioni aibu kusema.

Nikampigia Mkenya mmoja wa Fairfax anayefuga nyuki. Akanisikiliza, kisha akasema, "Bro, hao hujipasha joto wenyewe. Hiyo joto iko na mvuke, inapanda juu. Ukifunga, inageuka maji inawanyeshea. Baridi wangehandle, si maji."

Siku mbili nilitafuta uongo wa kumwambia mama. Nikaupata, kwamba winter ya safari hii ilikuwa kali. Nikavaa koti niende, mkono ukakutana na kile kijiti.

Nikashindwa. Nikakiweka kwenye meza ya jikoni, nikamweleza yote.

Alikichukua akakigeuzageuza. Ndipo nikaona kimechongwa kwa kisu, ncha zote mbili.

"Alikuwa anavichonga hapahapa," akasema, "kila mwaka majani yakianza kudondoka. Mimi namgombeza kwa uchafu, yeye ananijibu, Mama Neema, na wao lazima wapumue."

Akakirudisha mezani, akanitazama.

"Ungeniuliza, mwanangu. Tangu tumzike, hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza habari zake."



Kwa mwenye nyuki huku kwenye baridi: zuia upepo, lakini acha upenyo juu. Hilo nimelijua kwa gharama ya mzinga mzima. La pili ndilo linaloniuma zaidi. Tunamwonea huruma mfiwa mpaka tunamwacha peke yake.

Siku hizi nikitoka kazini Jumapili napita kwake, namuuliza jambo moja tu la mzee. Anasimulia mpaka chai inapoa. Mzinga uko palepale, mtupu, na asubuhi bado anauendea.

Mliofiwa humu, mlitaka watu wawaulize au wawaache? Nijibuni, hata kama ni kunisema. Nastahili.