Shikamoo ya mtaalamu wa mgongo

Leo nimeamkiwa shikamoo mbele ya mume wangu, na bado sijapoa.

Baba Neema aliumia mgongo kwenye mechi ya maveterani hapa Maisaka. Tangu Jumapili namkanda na maji ya moto, yeye kazi yake kuguna tu.

Leo nikampeleka kwa mtaalamu wa kunyoosha mgongo. Kumbe ni binti, tena mzuri.

Akaniangalia mimi: "Shikamoo mama."

Akamgeukia mume wangu: "Mambo?"

Jamani, huyu mwanaume ni mkubwa kwangu.

Akambonyeza, mgongo ukalia ko. Baba Neema hakuguna. Alitabasamu.

Binti akasema amepona, hana haja ya kurudi.

Tumefika nyumbani, eti mgongo umeanza upya.

Wanawake wenzangu, mngemkanda? Mimi maji nimechemsha, ila ni ya chai yangu.