Kuku Waliokuwa Chini ya Kitanda

Kabla dunia haijaharibika, yaani mimi nilipokuwa darasa la pili, kuku alikuwa mtu. Najua kuna mtu mzima atasoma hapa aseme, huyu binti yuko kidato cha tatu, ana enzi gani za kukumbuka? Tulia, mzee. Ninazo. Wenzangu mliokulia mtaa wa Iringo, mliovaa kaptula chini ya sketi ya shule ili mruke kamba bila aibu, ninyi mnajua ninachosema. Tumezeeka. Juzi nilimuuliza mdogo wangu Magesa, ambaye sasa ndiye yuko darasa la pili, yai linatoka wapi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza bibi kizee choo kilipo, akasema, "Kwenye trei."

Kwenye trei! Mtoto ana macho mawili, ana akili za kufungua simu ya Mama bila namba ya siri, na hajui yai linatoka wapi.

Sisi tulikuwaga na elimu. Tulijua kuku akinywa maji anainua kichwa juu, na tulibishana hadi kusukumana kama anamshukuru Mungu au anameza tu. Tulijua kwamba ukimkamata kuku, ukamficha kichwa chini ya bawa lake, ukambembeleza kidogo kama mtoto, analala fofofo mchana kweupe. Tulimlaza kuku hivyo, tukamweka kibarazani, tukakaa kando kumsubiri aamke tuone kama atatukasirikia. Tulijua kuku anakula vijiwe. Kwa nini anakula vijiwe? Hapo ndipo nilipokila na mimi kimoja, kidogo, nilichokiosha kwanza, ili nione faida yake. Sikuona faida. Kesho yake nilimwambia Mama, akaniambia, "Nenda ukatage basi."

Sasa nieleze kosa letu. Kisheria hatukutakiwa kuwa na kuku. Mjini Musoma kulikuwa na sheria ndogo: mifugo isizurure, na anayetaka kufuga awe na banda la maana, mbali na nyumba ya kulala watu, na apate kibali. Uwanja wetu ulikuwa mdogo, ukitema mate kwa nguvu yanagonga ukuta wa jirani. Banda la maana tungelijenga angani.

Lakini kuku walikuja wenyewe. Kwa watu wa kwetu, mgeni akiaga anafungiwa kuku. Simaanishi anafungiwa kipaja kwenye mfuko. Kuku mzima, mwenye macho yake, miguu imefungwa kitambaa, unamkumbatia hadi nyumbani. Kumkataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba undugu basi. Na kila likizo tulikwenda Butiama kwa Bibi, mama yake Mama, na kila tulipoaga Bibi alichomoa kuku mmoja kutoka jikoni kwake. Wala usifikirie kumchinja ukifika mjini. Bibi akija kututembelea aliulizia kuku wake mmoja mmoja, sura na rangi, kama anavyoulizia wajukuu. "Yule mwekundu wa shingo wazi hajambo?" Utamjibu nini? Kwamba alikuwa mtamu?

Kwa hiyo wakaongezeka. Mama alifanya alichoweza. Jogoo alilala ndani ya boksi fupi la sabuni, kwa sababu jogoo asiponyoosha shingo hawiki vizuri, anatoa sauti kama mlango unaohitaji mafuta. Alfajiri Mama aliwahi kuwasha redio, kwaya za injili, sauti ya juu kabisa, kumfunika jogoo. Majirani wakadhani tumeokoka. Mmoja alikuja kabisa kumpongeza Mama, na Mama, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akasema amina.

Baba alikuwa anafanya kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akirudi nyumbani Jumamosi. Yeye alikuwa upande wa sheria hadi wakati wa chakula. Akishaletewa firigisi lake, la wale waliozaliwa mjini ambao Bibi hakuwajua sura, lile ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kulinusa, alisema, "Hawa kuku kwa kweli si wasumbufu."

Na mimi nilikuwa na kuku wangu. Bibi alinipa mwenyewe, mkononi, akasema, "Huyu ni wako, Nyangeta, asiguswe na mtu." Nilimwita Madoa. Madoa alipoanza kutaga alichagua chini ya kitanda changu, na kuku akishachagua amechagua. Tulimtoa akarudi, tukamtoa akarudi na hasira. Mama akakubali. Akachukua beseni bovu, akatia majivu na majani ya tumbaku ya kufukuza utitiri, juu yake kanga iliyochakaa, akayatia mayai alama kwa mkaa ili kuku wengine wakija kutagia humo tuwajue wazembe. Madoa akakaa. Akawa kama jiwe lenye manyoya.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoisha. Ukiwa na miaka minane, na chini ya godoro lako kuna mtu anatengeneza watu, utalalaje? Nilikuwa na maswali mpaka Mama akaniwekea kikomo, nisiulize wakati ana kisu mkononi. Kifaranga anapumua nini mle ndani? Anajuaje kwamba muda umefika? Na akitoka, anajuaje kwamba yule ni mama yake na mimi si mama yake, wakati wote tuko chumba kimoja? Mama hakuwa na majibu, ila alikuwa na tochi. Jioni Madoa akitoka kunyoosha miguu, Mama alichukua yai, akaliweka kwenye mdomo wa tochi, akalizungushia kiganja kuzuia mwanga. Yai likawaka jekundu. Ndani yake mishipa kama mizizi, na katikati kitu cheusi kidogo kinachezacheza. "Usipige kelele," Mama alisema. "Anakusikia." Nilinyamaza siku hiyo kuliko nilivyowahi kunyamaza kanisani.

Ndipo wakaja watu wa manispaa mtaani kwetu. Walianza nyumba za juu, karibu na barabara, wakiwa na Bwana Afya, yule afisa anayekagua usafi. Tulisikia wanawaambia watu kuku waondoke, asiyewaondoa wake watabebwa na mgambo. Mama alirudi kutoka sokoni anahema. Akaniambia wazi: "Wakimwona Madoa, wanamwondoa. Na mayai yakipoa ndiyo basi." Nilikuwa nimeona mle ndani. Nilijua nani atapoa.

Kuku wote wakaingizwa chumbani kwangu, mlango ukafungwa. Jogoo akawekwa jikoni ndani ya boksi lake, tofali juu. Na kwa balaa, Bibi alikuwa amefika tangu jana yake kutoka Butiama, amekuja na kuku mwingine, bila shaka. Mama alikuwa amemweleza habari za sheria, Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mji gani unakataza kuku? Mgeni akija mnampa nini, picha?" Akaenda zake uani kuchambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akasahau mazungumzo yote.

Bwana Afya alikuja peke yake. Ndilo lililotuponza. Tulitegemea mgambo na makelele, akaja mtu mwembamba, shati la mikono mifupi, anavua viatu mlangoni. "Hodi mama." Huwezi kumfungia mlango mtu aliyevua viatu. Mama akamkaribisha, akampa kiti, akampa maji. Mimi nilisimama kwenye mlango wa chumba changu, mgongo umebana kitasa, natabasamu kama kichaa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umesimama hapo kama askari?"

"Nimezoea."

Akamgeukia Mama. "Mama, hapa kwako nimeambiwa kuna kuku."

"Kuku?" Mama alisema, kana kwamba ni neno la Kichina. "Hapana, kaka. Hapa hatuna kuku. Sisi ni watu wa redio tu."

Sasa Bibi akaingia kutoka uani na sahani ya michembe na karanga, kwa sababu amesikia sauti ya mgeni. Bwana Afya akasimama, akamwamkia. Bibi akamsikiliza matamshi yake, akamuuliza kwao wapi. Nyamuswa, jirani na kwao Bibi. Basi! Bibi akahamia kwenye lugha ya kwao, na yeye akajibu kwa yake, zinazoelewana vizuri tu, na ndani ya muda mfupi wakawa wamemfufua babu fulani aliyeoa upande huu na shangazi fulani aliyeolewa upande ule. Bwana Afya alitafuna michembe, akasahau amekuja kufanya nini. Mama akapata rangi yake tena. Mimi nikalegeza mgongo.

Hatimaye akafuta mikono, akasema, "Basi mama, kama hamna kuku, mimi naaga."

Asingesema naaga. Angeondoka kimya tu. Bibi alipolisikia hilo neno alinyanyuka, akapotelea jikoni. Tukasikia tofali linaburuzwa. Mama akafumba macho. Bibi akarudi amemshika jogoo, mwekundu, mkia mrefu, miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge, akamkabidhi mgeni mikononi kwa heshima zote.

"Mwanangu, utaondokaje hivi hivi? Mimi mama yako nipo."

Na jogoo, aliyekuwa amekunja shingo tangu jana, akainyoosha akawika. Kwaya nzima, bila redio.

Bwana Afya alimtazama jogoo, akamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama dari kama anasoma.

"Mama," Bwana Afya alimwambia Bibi taratibu, "hiki mimi siwezi kupokea. Watasema ni rushwa."

"Rushwa ni nini? Huyu ni jogoo." Kisha uso wa Bibi ukabadilika. Alishusha mikono. "Au ndiyo unanikataa?"

Nilimwona Bwana Afya anavyohangaika. Upande mmoja kazi yake, upande mwingine bibi kizee wa Butiama anayemwita mwanangu, na katikati jogoo anapiga mabawa. Akakaa tena chini, jogoo mapajani. Akafikiri. Mwisho akasema, kwa Kiswahili cha ofisini, akimtazama Mama: "Jogoo nimempokea kama mtoto wa hapa. Ofisini nitasema nimepewa na nani, na kwa nini. Lakini kuku wengine wataondoka, kwa sheria. Jumamosi nisimkute hata mmoja. Wako wapi?"

Mama akanionyesha kwa kidevu.

Nikaachia kitasa. Wakatoka wote, wanagombania mlango kama watu wa misa ya pili. Wote isipokuwa Madoa. Bwana Afya akainama, akachungulia chini ya kitanda.

"Na huyu?"

"Huyo hawezi kwenda," nilisema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Ana watu ndani."

"Nyangeta!" Mama akanikemea.

"Watu gani?"

"Nikuonyeshe? Ila usipige kelele. Wanasikia."

Sijui kwa nini alikubali. Labda naye alishawahi kuwa darasa la pili. Mama alifunga pazia, mimi nikaingiza mkono chini ya Madoa, akanidonoa kama kawaida yake, nikatoa yai la joto, nikaliweka kwenye tochi. Bwana Afya akapiga magoti, jogoo kwapani. Yai likawaka. Kile kitu cheusi kilikuwa kimekua, kimejaza nusu nzima, na kikarusha kitu, mguu au bawa, hatujui.

"Loh," alinong'ona. "Anapiga teke."

"Anapumua nini mle?" nilimuuliza, maana yeye ni wa afya.

Akalitazama lile yai muda mrefu. "Nilisomaga," akasema, "nimesahau." Akanyanyuka, akapangusa magoti, akamwambia Mama bila kumtazama, "Wengine Jumamosi. Huyu akishaangua, naye aende. Nitakuja kuhakikisha."

Alipita barabara ya Mukendo na pikipiki yake, mchana, jogoo amening'inia kwenye usukani. Watu walituhadithia jinsi alivyokuwa anawika kila kona.

Kufika Jumamosi kuku wengine walikuwa wameshaondoka. Madoa aliangua. Nilikosa shule siku hiyo kwa tumbo ambalo halikuwa linauma. Nililala kifudifudi sakafuni, nikaona ganda linapasuka mahali padogo, nikaona kimdomo, kikapumzika, kikaendelea. Nikasikia kinalia kabla hakijatoka. Na kilipotoka, kimelowa, kibaya cha sura, kilinitazama kwanza mimi. Halafu kikamwendea Madoa. Nimekuwa nikilifikiria hilo hadi leo.

Wiki iliyofuata Bibi aliondoka na Madoa na vifaranga wake kwenye boksi lenye matundu, na Bwana Afya alikuja kweli, akachungulia chini ya kitanda, akakuta beseni tupu. Nadhani alitegemea kuwaona vifaranga. Lakini alikaa pale akichungulia zaidi ya inavyohitajika kwa ukaguzi.

Siku hizi uwanja wetu una tofali za kisasa, zile za kupangana, Baba alileta fundi kutoka Bunda. Zinafagiliwa asubuhi, zinang'aa. Hakuna mavi, hakuna utitiri, hakuna kelele. Watu wa usafi wakipita hawana cha kusema. Na Magesa akitoka nje anasimama pale katikati, anageuka huku na huku, hana cha kuuliza, anarudi ndani.